Vipira vya Wasikilizaji wa Kamba

Kipandio kilikuwa kimeshaiacha Bukoba. Migomba ilikuwa imeshageuka madoa ya kijani, mapaa ya mabati yanametameta chini kama misumari mipya iliyomwagika, ndipo Kemilembe alipogundua kwamba hajafunga mkanda.

"Funga mkanda, injinia," akasema Magesa kutoka kiti cha nyuma. "Tukianguka, maiti yako iokotwe nzima. Wewe ndiye wa kulaumiwa, hatutaki wakukose."

"Muache mtoto wa watu apumue," akasema Ma Nyakato.

"Mtoto? Huyu ana mvi kunishinda mimi."

"Mvi za kusoma hizo. Wewe zako za dhambi."

Kemilembe akafunga mkanda, akacheka.

Kipandio kilikuwa chumba cha mviringo, ukubwa wa sebule ya kawaida, chenye magurudumu manne yaliyoibana Kamba ya Anga na kuiparamia kwa nguvu ya umeme. Kamba yenyewe ilianzia kwenye nguzo ya zege nyuma ya mji, ikapanda moja kwa moja mpaka jicho linachoka, ikapita mawingu, ikapita hewa yote, ikaishia Stesheni ya Juu. Haikuwa nene. Upana wake ulikuwa wa khanga iliyokunjwa mara nne, na wembamba wake wa ukucha. Lakini hapo ndipo vilipopita vitu vyote vya kwenda angani: maji, mbegu, vyuma, wahandisi, na hata maiti za waliofia juu wakirudishwa kuzikwa kwao.

Na Kamba ile ilikuwa na sauti. Kitu chochote kilichovutwa kikakazwa kina sauti yake, na hii ilikuwa na mbili. Juu kulikuwa na mluzi mwembamba wa upepo, ambao kila mtu aliusikia na hakuna aliyeujali. Chini kulikuwa na mngurumo mzito, wa kujikokota, unaopita chini ya mluzi kama lori linalopita barabara ya mbali. Kamba ikiwa nzima, mngurumo ulikwenda sawasawa. Nyuzi za ndani zikianza kukatika, na hilo waliliita jeraha, mngurumo ulichechemea. Mluzi haukubadilika hata kidogo. Ugonjwa wote wa Kamba ulikuwa kwenye sauti nzito.

Kwa hiyo palikuwa na wasikilizaji. Magurudumu yalinasa mtetemo, waya zikaupeleka kwenye visikizi, na kila msikilizaji akavaa visikizi vyake viwili masikioni, akasikiliza Kamba kutoka chini mpaka juu. Kwenye ncha ya kila kisikizi palikuwa na kipira, kile kidude laini kinachoingia ndani ya tundu la sikio. Kemilembe ndiye aliyekuwa akitengeneza vipira hivyo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na ndiyo maana Magesa alikuwa anamtania juu ya lawama.

Mbele kabisa alikaa Ta Lwamugira, yaani Mzee Lwamugira kwa Kihaya, kiongozi wa kikosi cha wasikilizaji, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama kidogo kama anayepita mlango mfupi. Alikuwa ameanza kazi pamoja na marehemu baba yake Kemilembe, na Kemilembe alikulia miguuni mwa kikosi hiki, akibebwa, akikemewa, akitumwa maji.

Kando yake, kiti ambacho kwa kawaida kilikuwa kitupu, alikaa Bwana Kihwelo kutoka makao makuu ya Shirika la Kamba. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti iliyopigwa pasi vizuri, na hakuna aliyefurahi kumwona.

"Niseme tena ili tusije tukalaumiana," akasema Bwana Kihwelo. "Mkaguzi amesikia majeraha matatu mwaka huu ambayo ninyi mliyapita mkasema safi. Mkaguzi ni mashine, haina ndugu wala adui. Leo kuna jeraha dogo kwenye Kamba, linajulikana, litazibwa wiki ijayo. Mahali lilipo tunapajua mimi na Mkaguzi tu. Mkilisikia, kikosi kinabaki. Msipolisikia, sheria ya neno la mtu itafutwa, na kuanzia mwezi ujao Kamba itasikilizwa na Mkaguzi peke yake."

"Na sisi?" akauliza Ma Nyakato.

"Mtapangiwa kazi nyingine. Huku na huku."

"Huku na huku," akarudia Magesa. "Yaani mimi Mwanza, Ta huyu nyumbani, na Ma Nyakato akafagie ofisi."

"Sikusema kufagia."

"Umesema huku na huku, bwana. Ni hukohuko."

Mkaguzi, akili unde iliyofungwa kwenye boksi la kijivu ukutani, iliwasha taa yake ya buluu, ikasikiliza.

Sheria ya Kamba, tangu ilipojengwa, ilisema kwamba neno la mashine halitoshi. Lazima pawe na neno la mtu. Watu wa zamani waliona vibaya mzigo wa watu usimamishwe au uruhusiwe na boksi. Kwa hiyo kila kipande cha Kamba kilipopitwa, Ta Lwamugira alisema "Safi," Ma Nyakato akaitikia "Safi," na Magesa akamalizia "Safi kabisa." Hapo ndipo kipande kilihesabiwa kizima. Kemilembe alipokuwa mdogo alidhani kikosi ndicho kinachoiponya Kamba kwa kuisemea hivyo.

Enzi hizo ilikuwa raha, mtu usiulize. Kipandio kilikuwa na kelele, kina joto, na vipira vilikuwa vya sponji. Ulikibinya kipira kwa vidole mpaka kikawa chembamba kama njiti, ukakitia sikioni, kikavimba taratibu na kuziba tundu lote. Baba yake alimfundisha kwa kumvalisha. Kwanza alikiweka ovyo, nusu ndani nusu nje. "Unasikia nini?" Akasema anasikia upepo. Kisha baba akavuta sikio lake juu na nyuma, tundu likanyooka, akakisukuma kipira kikakaa. Mngurumo ukaingia kichwani kama mtu mzima aliyeingia chumbani. Alikuwa hajui kwamba ulikuwepo muda wote.

"Sauti nyembamba haina shida," baba yake alisema. "Inapita hata ukivaa vibaya. Nzito ndiyo inayotaka nyumba iliyofungwa. Ukiiachia ufa wa unywele, inatoka nje, na wewe utaapa kwamba haikuwepo."

Hayo yalikuwa ya kweli, na Kemilembe alikuja kuyasoma baadaye kwa hesabu zake. Kati ya kipira na ngoma ya sikio kuna kijichumba cha hewa. Kikiwa kimezibwa, kisikizi kinaisukuma hewa ile yote na besi, ile sauti nzito, inasikika. Pakiwa na upenyo, hewa inakimbia kabla haijasukumwa vya kutosha, na besi ndiyo inayokufa kwanza. Kinachobaki ni mluzi, na mluzi ni mtamu, unamdanganya mtu kwamba anasikia kila kitu.

Sponji ilipigwa marufuku baadaye kwa sababu iliwahi kushika moto kwenye hewa ya vipandio. Kemilembe akapewa kazi ya kutafuta kitu kingine, akaleta kipira-chapa. Mashine yake iliingiza mwale wa mwanga sikioni, ikapima kila kona ya tundu, kisha ikachapa kipira cha mpira mgumu kidogo, cha sikio lile tu, kwani hata mtu mmoja masikio yake hayalingani. La kushoto la Ta Lwamugira lilikuwa pana kuliko la kulia. Kila aliyekivaa kipira-chapa alishangaa. Kemilembe alisifiwa, akapewa cheti, kikosi kikamfanyia sherehe.

Majeraha matatu yaliwapita bila kusikika baada ya hapo. Daktari aliwapima masikio, akayakuta yana uzee wa kawaida, hakuna ugonjwa. Kemilembe alipima vipira, akakuta vimekaa barabara. Kwa hiyo alikuwa amepanda leo akiwa hana jibu, ana mkoba wa vifaa na woga.

"Naomba niwakague tena," akasema walipopita mawingu ya kwanza.

Alimwinamia Ta Lwamugira, akakibonyeza kipira kwa kidole. "Ta, nikibonyeza hivi, besi inaongezeka?"

"Haiongezeki."

"Basi kimeziba. Kingekuwa kinavuja, ungesikia tofauti."

Akafanya hivyo kwa Ma Nyakato na kwa Magesa. Wote walikaa wima, kimya, midomo imefungwa, kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti. Vyote vilikuwa vimeziba. Akarudi kitini, akavaa visikizi vyake mwenyewe, akausikia mngurumo mzima, mzuri, wa kujikokota.

"Safi," akasema Ta Lwamugira.

"Safi."

"Safi kabisa."

Walipofika hapo Ta Lwamugira akatoa kikapu chake kidogo cha ukindu chenye mfuniko. Ndani mlikuwa na akamwani, yaani kahawa ya kutafuna: matunda mazima ya mbuni yaliyochemshwa na majani ya harufu, yakakaushwa mpaka yakawa magumu. Kwa Wahaya mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Anapewa kahawa kwanza. Na kwenye kikosi hiki kikapu kilizunguka tangu Kamba ilipokuwa mpya. Alianza kumpa Bwana Kihwelo, kama adabu inavyotaka.

"Mgeni wetu."

"Asante, meno yangu hayawezi."

"Umekataa kahawa ya Ta Lwamugira!" Magesa akaguta. "Bwana, bora ungetufukuza kazi."

"Na wewe mtu wa Musoma," akasema Ma Nyakato, mkono ukiwa tayari kikapuni, "ulikuja hapa hujui hata kuimenya. Uliimeza nzima kama kidonge."

"Nilidhani ni dawa. Ninyi Wahaya kila kitu chenu mnakieleza kwa Kiingereza, nikajua nipo hospitali."

Wakacheka wote. Hata Bwana Kihwelo aliangalia dirishani kuficha mdomo. Wakaendelea kupanda, wakitafuna, wakichokozana, huku wakisikiliza, jinsi walivyofanya miaka yote. Ma Nyakato akasimulia harusi ya mpwa wake ambapo bibi harusi alichelewa mpaka wageni wakaanza kula keki. Kemilembe aliwaangalia akajisikia mtoto tena, na moyo ukamuuma kwamba huenda ndiyo mara ya mwisho.

Kikapu kikamfikia. Alikuwa na miaka mingi hajatafuna kahawa; kwenye maabara alikokuwa akifanya kazi hawakuruhusu kuingia na chakula. Akachukua punje moja, akaiweka kwenye magego, akauma.

Mngurumo ukatoweka.

Akaacha kutafuna, taya wazi. Palikuwa na mluzi tu. Akafunga mdomo, mngurumo ukarudi. Akauma tena, ukaenda. Akafunga, ukarudi; akafungua, ukaenda, kama mtu anayefungua na kufunga mlango wa chumba chenye redio.

Taya la mtu linapita karibu kabisa na tundu la sikio. Asiyeamini atie kidole kidogo sikioni kisha atafune hewa; atausikia ukuta wa tundu ukimkimbia kidole. Sponji ilikuwa ikivimba na kusinyaa, inafuata taya linapokwenda. Kipira-chapa kilikuwa kigumu, kimechapwa kwa umbo moja tu: umbo la sikio la mtu aliyefunga mdomo.

Na Kemilembe akakumbuka siku ya vipimo. Kikosi kilikuja maabara, wamevaa vizuri, Ta Lwamugira kavaa koti. Magesa alikuwa bado anatafuna. Ni yeye, Kemilembe, aliyemwambia ateme, kwa sababu daktari mkuu alikuwa mlangoni na ingeonekana hawana adabu. Wote watatu wakatema, wakanawa midomo, wakakaa kimya kwa heshima mpaka mwale ulipomaliza kazi. Alikuwa amelelewa na watu hawa. Hakuwahi kuwaona wakisikiliza Kamba midomo imefungwa, hata mara moja. Na bado aliwapima wamefunga vinywa kama wageni.

Ta Lwamugira alikuwa anameza, anafungua mdomo kusema. "Sa..."

"Ta! Usiseme!"

Wote wakamgeukia.

"Temeni kahawa. Temeni, nawaomba, msiongee. Ni taya. Mkitafuna kipira kinaachia, besi yote inatoka. Mkiongea pia. Nyamazeni tu msikilize."

Magesa alitaka kusema kitu, akaliona jicho la Ta Lwamugira, akaacha. Mzee alitema kwenye kitambaa chake, akakikunja taratibu. Ma Nyakato akafanya vivyo hivyo. Chumba kikawa kimya namna ambayo Kemilembe hakuwahi kuisikia. Kila mmoja alitazama mbele yake, mikono magotini, uso umefungwa, kama abiria wasiojuana.

Kipandio kikapanda. Anga dirishani ilikuwa imeshaanza kuwa nyeusi.

Wa kwanza alikuwa Ma Nyakato. Mkono wake uliinuka kidogo, kama wa mwanafunzi asiye na hakika. Kisha wa Ta Lwamugira. Kisha wa Magesa, juu kabisa.

Kemilembe naye aliusikia sasa: mngurumo ulikuja sawa, sawa, ukajikwaa, ukaja sawa, ukajikwaa.

Ta Lwamugira alibonyeza kitufe cha kusimamisha. "Hapa," akasema. "Upande wa kulia wa Kamba. Ni dogo."

Bwana Kihwelo akatazama kioo chake mkononi, akatazama tena. "Ndipo," akasema. "Ndipo hasa. Mkaguzi amesema hivyohivyo."

Magesa akapiga kelele mpaka akajigonga kichwa. Ma Nyakato akamkumbatia Kemilembe, akamwita mama, akamwita mwanangu, akamwita majina ya babu zake. Bwana Kihwelo mwenyewe alimpa kila mtu mkono, na furaha yake ilikuwa ya kweli.

"Kikosi kinabaki," akasema. "Nitaandika leo leo. Na nitaandika kanuni: kuanzia sasa, kipandio kikiwa kwenye Kamba, hakuna kutafuna wala kuongea. Ishara za mkono tu. Hata hiyo 'safi' tutaiwekea kitufe."

Furaha ikapungua kidogo, kama taa umeme unaposhuka.

"Bwana Kihwelo," akasema Kemilembe, "nipe muda. Nitawapima upya wakiwa wanatafuna, wakiwa wanacheka. Nitatafuta mpira laini zaidi, usioshika moto, utakaofuata taya. Si jambo la miujiza."

"Muda gani?"

"Sijui. Mwaka. Labda zaidi. Mpira wa namna hiyo haupo bado."

"Na huo mwaka majeraha yatasubiri?" Hakusema kwa ukali. "Dada yangu anapanda Kamba hii kila baada ya miezi mitatu. Nikuulize wewe, injinia: ungekuwa mimi, ungewaruhusu waongee?"

Kemilembe alijua jibu, na Bwana Kihwelo alijua kwamba analijua.

Ta Lwamugira akamshika bega. "Mwanangu Kemi. Tulikuja kutafuta nini leo?"

"Kikosi kibaki."

"Kimebaki. Usimlilie mtu aliyeshinda."

"Ta, mtakaa humu mnatazamana kama picha ukutani."

"Tutaongea tukishuka."

"Tutaongea mpaka mtuombe tunyamaze," akasema Magesa, lakini alisema kwa sauti ya chini, na hakuna aliyecheka.

Walikuwa wamebakiza vipande vingi kabla ya Stesheni ya Juu. Ta Lwamugira akawasha magurudumu. Wote wakavisukuma visikizi vyao vikae, wakafunga midomo. Kemilembe aliketi nyuma yao, akaziangalia shingo zile tatu alizozijua tangu akiwa na meno ya utoto, zimenyooka, hazigeukiani. Mngurumo ulimjaa kichwani, mzima kabisa, hauna hata punje iliyopotea. Vipira vyake vilikuwa vinafanya kazi kama alivyoviahidi. Akavivua, akavishika mkononi, akapanda sehemu iliyobaki akisikia magurudumu tu.

Kikosi kilifanya kazi pamoja mwaka mmoja na nusu baada ya siku ile, na hakikukosa jeraha hata moja. Waliposhuka, kila mtu alikuwa amechoka kwa kimya na anataka kwenda kwake. Magesa ndiye aliyeanza kuondoka. Aliomba kazi ya upishi Stesheni ya Juu, mahali ambapo watu wanapiga kelele, akaoa huko, hajashuka tena. Ma Nyakato alihamia karakana ya magurudumu, kisha akaacha, akafungua duka la vitambaa vya harusi Muleba. Ta Lwamugira alibaki mpaka umri wa kustaafu ulipofika, akisikiliza na vijana aliowajua kwa namba za viti vyao. Alirudi Kamachumu kwa dada yake, akafa kwa homa ya mapafu. Magesa alituma salamu za rambirambi kutoka juu. Ma Nyakato alifika mazikoni.

Bwana Kihwelo alipandishwa cheo, akastaafu, anaishi Iringa. Dada yake yu mzima.

Kemilembe aliumaliza mpira laini. Ilimchukua miaka sita. Unafuata taya, haushiki moto, na mtu anaweza kutafuna au kucheka nao bila besi kupotea. Shirika liliununua, likawagawia wasikilizaji wote, na kanuni ya kimya ikafutwa. Hakuna aliyeitumia nafasi hiyo. Walioajiriwa wakati wa kimya walikuwa wameshazoea, na hawakuona cha kuongea.

Kamba bado ipo, nzima. Inasikilizwa na watu wawili wawili, na wengi wao hawazijui sauti za wenzao.